Kompyuta nzima, mfumo uliokwisha muda

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuisasisha Windows 10, mfumo iliouzindua Julai 2015. Kompyuta zilizokuwa zikiutumia hazikuzimika siku hiyo. Ziliendelea kuwaka, kufungua barua, kupiga muziki na kuchapisha, na mtego uko hapo hapo: mwenye kompyuta nyumbani haoni kilichobadilika. Kilichokoma ni viraka vya usalama vilivyokuwa vikija kila mwezi kuziba matundu ambayo wezi wa mtandaoni wameyagundua. Mrithi wake, Windows 11, ana masharti magumu zaidi. Anataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na anataka prosesa ya Intel ya kuanzia kizazi cha nane, ambacho kilianza kuuzwa 2017, au kwa upande wa AMD, Ryzen za mfululizo wa 2000 kwenda juu.

Pita kwenye maduka ya laptopu za mtumba Kariakoo au katikati ya Nairobi, utaona jinsi masharti hayo yanavyoigawa meza ya muuzaji. HP EliteBook 840 G5 inapita. Dada yake mkubwa, 840 G3 yenye Core i5 ya kizazi cha sita, haipiti, ingawa ina kibodi inayozishinda laptopu nyingi mpya za bei nafuu. ThinkPad T450 haipiti, wala Latitude za umri huo. Hizi ni mashine zilizotengenezewa ofisi za Ulaya na Marekani, zikatumika huko miaka michache, kisha zikaja kwetu zikiwa bado na nguvu. Ndani yake hakuna kilichoharibika. Kwa hiyo safari hii swali la Linux limetoka kwa wapenzi wa kompyuta na kuingia sebuleni kwa watu ambao hawakuwahi kulijali.

Linux yenyewe si ngeni. Ilianzishwa 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu Helsinki, na leo moyo wake unaendesha kila simu ya Android na, tangu mwishoni mwa 2017, kila moja ya kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani. Mahali iliposhindwa kuenea ni pale pale ilipokusudiwa tangu mwanzo, kwenye kompyuta ya mtu binafsi. Jibu la kawaida ni kwamba ni ngumu. Jibu hilo limepitwa na wakati, na kwa upande wetu wa dunia nadhani halikuwahi kuwa jibu kamili.

Tukumbuke kwamba programu huria ilitufikia mapema. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na Waswidi, kiliendesha mradi wa Kilinux uliotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye menyu za Kiswahili. Mwaka huo huo Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa toleo la kwanza la Ubuntu, na kwa miaka kadhaa, hadi 2011, kampuni yake ilimpelekea CD kwa posta yeyote aliyeomba, bila malipo. Bei haikuwa kikwazo, na lugha ilikuwa imeanza kushughulikiwa. Hata hivyo majumbani watu walibaki na Windows.

Walibaki kwa sababu Windows nayo ilikuwa ya bure, au ilionekana hivyo. Mfumo usiouzwa humshawishi mtu anayelipia mwingine. Anayepigiwa Windows na fundi wa mtaani halipii leseni, analipia mkono wa fundi. Fundi ana flashi moja yenye Windows, Office iliyokrakiwa, VLC, WinRAR na draiva, na ndani ya saa moja kompyuta imerudi kama mpya. Flashi ile ni zaidi ya programu: ni ujuzi wa mtaa mzima. Kompyuta ikigoma, yupo anayejua. Faili likikataa kufunguka, jirani amewahi kuliona tatizo hilo. Mtu anayehamia Linux anauacha ujuzi huo nyuma, na gharama hiyo ndiyo ambayo wapigadebe wa Linux hawaitaji. Ushauri wao huandikwa Berlin au Boston, kwa msomaji anayetazama dola alizolipa.

Kwa hiyo swali si kama kompyuta yako ya zamani inaiweza Linux. Mara nyingi inaiweza vizuri kuliko Windows. Swali ni kazi gani unafanya, unabadilishana mafaili na nani, na siku ikikwama utamwita nani.

Kabla ya kufika huko, tuzitendee haki njia nyingine. Unaweza kubaki na Windows 10 ilivyo. Wengi watabaki, na waliobaki na Windows 7 wanaweza kuwaeleza kinachofuata: kinachomtoa mtu hatimaye ni kivinjari. Chrome iliacha kuitengenezea Windows 7 matoleo mapya mwanzoni mwa 2023, na tangu hapo tovuti zimekuwa zikigoma moja baada ya nyingine, zikianza na zile zinazohusu fedha. Unaweza pia kujiandikisha kwa mwaka wa ziada wa viraka ambao Microsoft iliutangaza, hadi 13 Oktoba 2026, kwa dola 30 au kwa kuiunganisha kompyuta na akaunti ya Microsoft na kuhifadhi mipangilio yako huko. Huo ni muda wa kujipanga, haumalizi jambo.

Njia ya tatu ndiyo mafundi wanaipenda: kuilazimisha Windows 11. Programu ya bure iitwayo Rufus inaweza kuondoa ukaguzi wa TPM na prosesa wakati wa kutengeneza flashi, na EliteBook G3 yenye RAM ya GB 8 na SSD itaiendesha bila malalamiko makubwa. Nisingemcheka anayeichagua. Ila ajue kwamba Microsoft haimuahidi masasisho, na kwamba masharti yanaweza kuongezeka. Kwenye toleo la 24H2 la mwaka 2024, kompyuta za Core 2 Duo zilifungiwa kabisa kwa sababu prosesa zake hazina amri ambazo mfumo unazihitaji ili kuwaka, na hapo hakuna ujanja wa flashi. Ya nne ni ChromeOS Flex ya Google. Inamfaa mtu ambaye maisha yake yote yako kwenye kivinjari na intaneti haimkatikii. Aliyefikiri italeta programu za Play Store za simuni asijisumbue, hazimo.

Sasa mashine yenyewe. Kama ni ya biti 32, Pentium 4 kwa mfano, au zile laptopu ndogo za Atom za kuanzia 2008 hivi, ningeshauri kuiacha. Kwa miaka mingi Linux ilijivunia kuzifufua kompyuta hizo, lakini Ubuntu iliziacha zamani, Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena kisakinishi chake, na Firefox nayo imeachana na Linux ya biti 32. Mifumo midogo kama antiX imeendelea kuzibeba, ila kivinjari cha kisasa hakina huruma nazo. Anayezifurahia kama mchezo na azifurahie. Mtoto wa kidato cha tatu anayetaka kusoma asipewe.

Kuanzia Core 2 Duo ya 2006 kuja juu ni biti 64, na hapa kinachoamua ni RAM na diski. Watu husema Linux inaifanya kompyuta iwe nyepesi, na ni kweli nusu. Mfumo wenyewe unakula kumbukumbu kidogo, kwa hiyo kompyuta inawaka mapema na kukuachia nafasi. Lakini Facebook ina uzito ule ule, na YouTube ina uzito ule ule, uwe Windows au Linux. Ukiwa na GB 2, utaandika barua na kusikiliza muziki kwa raha, halafu ufungue kurasa nne za intaneti uanze kungoja. GB 4 ni kiwango cha kuanzia maisha ya kawaida. GB 8 huna la kulalamika.

Na diski: kama kompyuta yako bado ina diski ya kuzunguka, fedha yako ya kwanza iende kwenye SSD, hata kama hutaihama Windows. Ucheleweshaji mwingi ambao watu huutaja kuwa uzee wa kompyuta ni diski ile inayohangaika kutafuta vipande vya mafaili. SSD ya SATA ya inchi 2.5 inaingia kwenye karibu laptopu zote za miaka hiyo, na nyingi zinahitaji skrubu chache tu. Nimeona watu wakiisifu Linux kwa kasi iliyoletwa na SSD waliyoibadilisha siku hiyo hiyo, na wengine wakiilaani kwa uzembe wa diski ya mwaka 2012.

Yapo mambo ya vifaa yanayostahili kuangaliwa mapema. Wayafai za Intel huwaka zenyewe. Za Broadcom, zilizojaa kwenye baadhi ya Dell na HP, mara nyingi zinataka draiva ya kupakua, na huwezi kupakua bila intaneti. Dawa yake unayo mfukoni: chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kupitia USB, na Linux itaichukua kama kebo ya mtandao. Kadi za zamani za Nvidia ni usumbufu. Betri isitegemewe kuongezeka, kwenye laptopu nyingine inapungua kidogo. Printa ni bahati: HP nyingi zinatambulika papo hapo, Epson za matangi zina draiva zake, lakini Canon LBP2900, ambayo imekalia meza za steshenari nyingi kuanzia Mwanza hadi Mombasa, imewatoa jasho watumiaji wa Linux kwa miaka. Kama riziki yako inapita kwenye printa hiyo, ijaribu kabla ya kufanya uamuzi wowote.

Linux ipi? Matoleo yapo mamia, na wingi huo umewapotezea wanaoanza muda mwingi kuliko tatizo lolote la kiufundi. Mimi ningesema Linux Mint, toleo la Xfce, kisha mjadala uishe. Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na itapata masasisho hadi 2029. Menyu iko chini kushoto, saa iko kulia, na mtu aliyeizoea Windows 7 anajiona nyumbani. Sababu yangu nyingine ni ya ndani zaidi. Ubuntu yenyewe imehamishia Firefox kwenye mfumo wa vifurushi uitwao snap, na kwenye diski ya zamani kivinjari hicho huchukua muda mrefu kufunguka mara ya kwanza. Mint iliukataa mfumo huo tangu 2020. Kwenye kompyuta yenye nguvu tofauti haionekani, kwenye ya zamani inaonekana kila asubuhi. Mashine ikiwa dhaifu zaidi, Lubuntu au MX Linux zinafaa.

Kwenye kazi ndiko watu wengi wanakopaswa kukaa na kutafakari. Nusu ya kazi za nyumbani siku hizi ni kivinjari: barua pepe, WhatsApp Web, maombi ya ajira na ya mikopo ya wanafunzi, benki, mikutano ya video. Zote ziko sawa. Zoom ina toleo la Linux. Filamu na muziki vinachezwa na VLC ile ile uliyoizoea.

Nyaraka zinahitaji maelezo marefu kidogo. LibreOffice, iliyozaliwa 2010 kutoka OpenOffice, inafungua na kuhifadhi mafaili ya Word na Excel, na ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili. Badala ya Calibri inatumia fonti ya Carlito, na badala ya Times New Roman inatumia Liberation Serif, ambazo upana wa herufi zake umelinganishwa makusudi ili mistari isihame. Barua, wasifu wa kazi na bajeti ya harusi vitapita salama. Tasnifu ya kurasa mia, yenye vichwa vilivyopewa namba, majedwali na maoni ya msimamizi pembeni, ikienda na kurudi kati ya Word na LibreOffice itapinda mahali fulani, na itapinda wiki ya kuwasilisha. Mwanafunzi wa uzamili aliye katikati ya kazi hiyo amalize kwanza. Vivyo hivyo karatasi za Excel zenye makro, kama zile ambazo walipakodi wa Kenya wamezijaza kwa miaka mingi katika mfumo wa iTax: usiitegemee LibreOffice kwa hizo.

Kuna wasioweza kuhama hata wakitaka. Mchora mabango anayeishi kwa CorelDRAW na Photoshop, prodyuza mwenye FL Studio iliyojaa sauti alizozikusanya, mhasibu wa Tally au QuickBooks ya kusakinisha. Wataambiwa kuna Inkscape, GIMP na kadhalika, na ni programu nzuri kweli, lakini mtu hawezi kumwambia mteja asubiri mwezi mmoja ajifunze upya. Michezo imesogea mno tangu kampuni ya Valve ilipotoa Proton, programu ya kuendesha michezo ya Windows kwenye Linux, mwaka 2018, ila mchezo wa mpira wa EA FC mpya haukubali kwa sababu ya ulinzi wake dhidi ya udanganyifu, na kompyuta tunayoizungumzia isingeuweza kwa vyovyote.

Upande wa pili wa mizani kuna faida moja ambayo mtu wa kwetu ataiona mapema: flashi. Kila aliyewahi kuchapisha kitu steshenari anakijua kirusi kinachoficha mafolda na kuacha vijia vya mkato vya bandia. Kwenye Linux kirusi hicho hakipati pa kushika, na mafolda yaliyofichwa unayaona na kuyatoa. Lakini flashi yenyewe bado inacho mpaka ukifute, na ukiichomeka kwa jirani bila kufuta utakuwa umempelekea. Faida nyingine ni kuachana na programu za kukraki, ambazo mara nyingi ndizo zenyewe zinazoingiza wadudu. Mtu anazima kinga ya kompyuta ili kraki ifanye kazi, halafu anashangaa nenosiri lake limefikaje kwa mwingine.

Bando linaweza kukuumiza usipoangalia. Faili la kusakinisha Mint lina karibu GB 3, na masasisho ya mwanzo yana uzito wake. Kwa bahati nzuri kugawana ni halali: rafiki mwenye faili hilo akunakilie, kisha mlinganishe namba ya uhakiki iliyo kwenye tovuti ya Mint. Usiiruke hatua hiyo. Februari 2016 tovuti ya Mint ilivamiwa na waliopakua toleo moja siku hiyo walipewa lenye mlango wa nyuma. Ukishasakinisha, chagua hifadhi ya programu iliyo karibu nawe, na unapoongeza programu tazama kama unapewa kifurushi cha mfumo au Flatpak. Programu ndogo ikija kama Flatpak inaweza kuburuta mamia ya MB nyuma yake. Cha mfumo kinatosha mara nyingi.

Kujaribu hakuhitaji ujasiri. Mint inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, kwa kubonyeza F12 kwenye Dell na Lenovo nyingi au F9 kwenye HP wakati wa kuwasha. Humo utajua kama wayafai, sauti, kamera na printa vinaitika. Itakuwa nzito kidogo kwa sababu ya flashi, usiihukumu kwa hilo.

Na fundi? Wengine wataikataa kompyuta yako, na wengine wataiona Linux kuwa ugonjwa wa kutibiwa kwa kupiga Windows juu yake, pamoja na picha zako zote. Mwambie kabla hajaichukua. Kwa matatizo ya kila siku utakuwa fundi wa kwanza mwenyewe, na Mint imekurahisishia kwa Timeshift, ambayo inaurudisha mfumo ulivyokuwa jana sasisho likienda kombo. Mafunzo mengi yako kwa Kiingereza, ya Kiswahili ni haba, na asiyesoma Kiingereza ahame akiwa na mtu wa kumshika mkono. Anayesoma atakutana na majibu ya kunakili kwenye terminali. Amri inayoanza na sudo isibandikwe kabla hujaelewa inafuta nini.

Kusakinisha kabisa ndipo majuto hutokea, karibu yote kwa sababu ya kitufe kimoja kinachofuta diski nzima. Unaweza kuweka mifumo miwili kwenye diski moja, lakini kwa anayeanza naiona kazi ya kutafuta shari: Windows yenye Fast Startup huiacha diski ikiwa imefungwa nusu, na BitLocker huuliza ufunguo ambao mwenyewe hakumbuki kuuhifadhi. Ukinunua SSD una njia safi zaidi. Nakili mafaili yako kwenye diski ya nje, fungua kompyuta, toa diski ya zamani pamoja na Windows yake bila kuigusa, uifunge na kuiandika tarehe. Weka SSD, sakinisha Mint humo, na sasa hata ukibonyeza pabaya hakuna cha kupotea. Ipe mwezi. Ikitokea kazi moja imegoma kabisa, diski ya zamani inarudi kwa skrubu zile zile na kompyuta inawaka na Windows yake kama ulivyoiacha.